Kitambaa cha Bustani ya Shukrani

Haya sogeeni, na mwenye tumbo jepesi akae karibu na mlango, maana habari hii ina harufu. Nchi yenyewe siitaji. Ina wivu sana na jina lake, ukilitamka bila kupiga makofi inakutumia watu. Tuseme tu ni nchi tulivu, yenye wimbo mrefu na viongozi wenye afya njema, na kila nikiikumbuka najikuta natafuta pa kutemea mate. Nisameheni, nimeanza vibaya. Nitajitahidi kuwa na adabu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Bi. Sikudhani, na binti yake wa pekee, Chausiku. Chausiku alikuwa muuza dagaa. Alikuwa na mwanya mpana wa mbele na ndewe ya sikio la kushoto iliyochanika, kwa sababu utotoni aligombania hereni na mbuzi, na mbuzi akashinda. Akicheka, soko zima lilijua kwamba Chausiku amefika, na mama yake huko nyumbani alikuwa akiulizwa na majirani, "Leo mwanao kauza, eeh? Tumemsikia."

Serikali ikawajengea wachuuzi soko la ghorofa. Wao hawakuliomba, walikuwa wanauza chini ya mabati yao na maisha yanakwenda. Lakini Mheshimiwa Lugome, wakati huo Waziri wa Masoko, alisema ni aibu kwa taifa huru dagaa kuendelea kuuzwa usawa wa ardhi. Mkandarasi alikuwa shemeji yake, kijana mwenye bidii, ambaye alikuwa hajawahi kujenga hata banda la kuku lakini alikuwa na kofia ya ujenzi. Mafundi walinong'ona kwamba zege lile ni mchanga mtupu. Wakaambiwa waache siasa. Basi utepe ukakatwa, ngoma zikachezwa, wachuuzi wakapandishwa juu na matenga yao. Vipande vya utepe vilikuwa bado havijafagiwa jengo lilipoporomoka.

Jioni Mheshimiwa Lugome alisikika redioni akiwa mpole kabisa. "Ndugu wananchi," alisema, "naomba tusikuze mambo. Jengo halikuanguka. Jengo limekaa chini. Hata sisi wanadamu tukichoka tunakaa."

Chausiku alikuwa chini yake lilipokaa.

Nisiseme hakuna aliyewajibishwa, nitakuwa mwongo. Mheshimiwa Lugome aliadhibiwa vikali sana: alihamishiwa Wizara ya Kumbukumbu, yenye ofisi nzuri zaidi na gari refu zaidi.

* * *

Wizara ya Kumbukumbu ilikuwa imekaa miaka bila cha kukumbuka, watumishi wake wanasinzia tu. Kwa hiyo Mheshimiwa alipoingia na msiba wake mwenyewe mkononi, wizara nzima ilichangamka. Likatoka tangazo: marehemu wa soko watajengewa sanamu ya shaba katika Bustani ya Shukrani, katikati ya mji, ili vizazi vijavyo vijue jinsi serikali ilivyosikitika.

Kazi akapewa Fundi Mbaruku, na hapo, sijui kwa bahati mbaya gani, serikali ilimpata mtu anayejua kazi yake. Fundi alizunguka nyumba za wafiwa akitafuta uso wa mwanamke mchuuzi mwenye tenga kichwani. Alipofika kwa Bi. Sikudhani akaonyeshwa picha ya Chausiku, aliyopiga sikukuu ya Idi studio, mbele ya pazia lililochorwa maua. Fundi akaitazama muda mrefu.

"Ndiye huyu," akasema. "Mama, niazime."

"Ninayo hii tu, mwanangu. Sina nyingine."

"Nitakurudishia kwa mkono wangu."

Akampa. Baada ya wiki kadhaa Bi. Sikudhani akaalikwa karakanani kuiona sanamu ikiwa bado udongo, kabla haijasubiwa, yaani kumiminwa kwa shaba. Fundi akafunua kitambaa kibichi, na mama wa watu akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi. Chausiku alikuwa anamtazama, mdomo wazi kidogo, mwanya nje, kama anayetaka kumuuliza kama amekula. Alipopata nguvu ya kusimama alisema neno moja tu: "Sikio."

"Sikio limefanyaje, mama?"

"La kushoto limechanika. Picha haionyeshi."

"Basi lichane wewe," Fundi akasema, akasogea pembeni.

Bi. Sikudhani akabonyeza ndewe ile ya udongo kwa ncha ya kidole chake cha shahada, taratibu, kama anayeogopa kumuumiza. Udongo ukachukua alama ya kidole. Fundi akafurahi, akamweleza kila kitu, jinsi kichwa kinavyosubiwa peke yake kisha kinakazwa shingoni, na jinsi kinavyozungushwa kushoto kikitakiwa kutoka. Mama hakuwa akisikiliza sana. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Ile picha, sasa. Siku Mheshimiwa Lugome alipokuja karakanani kukagua, aliichukua ili alinganishe mwenyewe, kwa utulivu, ofisini. Mpaka leo analinganisha. Fundi aliiulizia, Bi. Sikudhani aliiulizia, akaambiwa picha za marehemu sasa ni mali ya taifa na taifa halijui limeiweka wapi. Hivyo uso wa Chausiku haukubaki mahali pengine popote duniani ila kwenye ile shaba.

* * *

Siku ya kuzindua ikafika. Sanamu ililetwa bustanini kwa gari la jeshi ikiwa imefunikwa kitambaa kikubwa chenye rangi za bendera. Mgeni rasmi alikuwa Mtukufu mwenyewe, Baba wa Utulivu. Watu wakajipanga juani, bendi ikapasha moto tarumbeta, Bi. Sikudhani akakalishwa mstari wa mbele. Mtukufu hakutokea. Alikuwa upande mwingine wa nchi anafungua bomba la maji, na bomba likakataa kufunguka, na itifaki haikumruhusu kuondoka kabla halijafunguka.

Ninyi mtasema, si angefungua mwingine? Aa, hamjaijua nchi ile. Kule kitu kikishatangaziwa mgeni rasmi, hakiguswi na mtu mwingine mpaka yeye aje. Kuna hospitali ya wazazi ambayo wanawake wanazalia kwenye ngazi za nje, kwa sababu utepe uliofungwa mlangoni haujakatwa. Kuna daraja ambalo watu wanavuka mto chini yake, maji yakiwafika kifuani, huku wanalisifu.

Kwa hiyo sanamu ikabaki ndani ya kitambaa. Mheshimiwa Lugome akakihutubia kitambaa, bendi ikakipigia wimbo, mashada ya maua yakawekwa, watu wakaenda kula. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na wa pili yake, mpaka watu wakazoea. Mabalozi wakaja kuinamia kitambaa. Maharusi wakapigia picha mbele ya kitambaa. Shuleni watoto waliambiwa wachore mnara wa kumbukumbu, wakachora kitambaa, na aliyechora mtu akapewa sifuri.

Mvua ikakiozesha. Popo wakahamia. Lakini kukiondoa ili kiwekwe kipya kungekuwa ni kuzindua, kwa hiyo kipya kiliwekwa juu ya kile cha zamani, na kingine juu ya hicho, mpaka kitu kile kikanenepa na kuanza kunuka mkojo na kinyesi cha popo. Waheshimiwa wakiweka mashada walikuwa wanabana pua kwa leso, na magazeti yakaandika kwamba viongozi walishindwa kuzuia machozi.

Ilitungwa pia sheria ya kutochungulia. Siku moja upepo uliinua ncha ya kitambaa wakati wa gwaride. Ofisa akapaza sauti, "Macho fumba!" na uwanja mzima ukafumba, pamoja na wapiga tarumbeta, mmoja akatumbukia mtaroni. Jioni upepo ulikemewa redioni kwa ukali.

Fundi Mbaruku aliuliza, mara moja tu, hadharani, kwamba kazi yake itaonekana lini. Serikali ikafurahishwa sana na moyo wake wa kutaka kujua, ikampeleka masomoni nje. Masomo hayo hayana likizo. Mkewe bado anasubiri barua.

Kisha bustani ilizungushiwa mabati kwa siku kadhaa. Ndani kulisikika vyuma vinagongwa, na lori likatoka limeinama nyuma kwa uzito. Nadhani walikuwa wanasafisha. Mabati yalipoondolewa kitambaa kilikuwa palepale, kimenyooka vizuri, na Mheshimiwa Lugome muda si mrefu akaanza kujenga nyumba.

* * *

Bi. Sikudhani alikuwa akienda bustanini kila alipopata nafasi. Alisimama mbele ya kamba iliyowekwa kuzuia watu wasikisogelee kitambaa, upande wa upepo ili asisikie harufu, akitazama pale ambapo alikisia uso upo. Askari wa bustani, Kamwaga, alikuwa mtu asiye na roho mbaya, ila aliogopa kazi yake.

"Bibi, rudi nyuma kidogo. Wataniambia umechungulia."

"Nichungulie na macho gani, baba? Haya yenyewe yameshaingia ukungu."

Na kweli yalikuwa yameingia. Utando mweupe ulikuwa unayafunika taratibu, kwanza jicho la kulia, kisha na la pili likafuata. Mwanzoni alikuwa hatambui rangi za kanga, halafu akawa hatofautishi nyuso. Jambo lililomtesa zaidi hakumwambia mtu ila shoga yake, Bi. Kuruthumu, ambaye mumewe alikuwa akichinja kuku pale pale sokoni na akafia pale pale.

"Kuruthumu," alimwambia, "nimeanza kumsahau. Nakumbuka mwanya, nakumbuka sikio. Katikati hapa hapaji. Nikilala nalazimisha, hapaji. Kama mgeni rasmi hatakuja upesi, mwanangu atafunuliwa mimi nikiwa kipofu na nitakuwa nimeshamsahau."

"Mgeni rasmi!" Kuruthumu akasonya msonyo mrefu. "Mgeni rasmi wao ni tumbo."

Alijua analosema, maana walikuwa wamepewa Heshima ya Kupika. Kwetu mfiwa hapiki. Mtu akifiwa anakalishwa jamvini, na majirani ndio wanaowasha moto mpaka machozi yamkauke. Kamati ya Maadhimisho iliona mila hiyo ina ubaguzi, inawanyima wafiwa nafasi ya kushiriki. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya kumbukumbu, mama na wajane wa soko waliitwa kuwapikia waheshimiwa pilau, wakavalishwa aproni zenye picha ya Mheshimiwa Lugome anayetabasamu. Kuruthumu alikuwa anafutia mikono yenye mafuta kwenye meno ya picha hiyo, kwa makusudi kabisa.

Waheshimiwa walikula. Nyama iliyobaki ilipakiwa na madereva wao. Wapishi waliachiwa ukoko, ule wa kukwangua chini ya sufuria, na huo ndio uliokuwa haki pekee ya raia iliyoheshimiwa nchi nzima. Hata askari mkorofi namna gani, hakukagua sufuria la ukoko.

Bi. Sikudhani alikubali kupika kwa sababu moja. Wapishi walisimama karibu na kitambaa kuliko watu wengine wote, na alikuwa na tumaini kwamba siku mgeni rasmi akija atakuwa wa kwanza kuuona uso, kama macho yatakuwepo. Mwaka mmoja, macho yalipokuwa yamebaki ya kuona mwanga tu, alijikaza akamfuata Mheshimiwa Lugome mezani. Ingawa alikuwa na umri wa kumzaa, yeye ndiye aliyemwamkia, kwa kuwa Mheshimiwa aliacha kuamkia watu tangu alipopata gari.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama yangu. Pilau ina chumvi kidogo leo."

"Mheshimiwa, macho yangu yanakwenda. Sitaki kuzindua wala nini. Niruhusu nipitishe mkono tu chini ya kitambaa, nimshike mwanangu uso, nitoe."

Mheshimiwa aliweka mfupa chini, akajifuta midomo, akasimama, maana alikuwa hawezi kusema jambo kubwa akiwa amekaa. "Mama," alisema kwa sauti ya kusikika meza zote, "wewe unamtaka binti yako. Sisi tunamtaka binti wa taifa. Ukimshika wewe peke yako, je, taifa litashika nini?"

Meza zote zikapiga makofi. Msaidizi wake mmoja akalia. Mheshimiwa akaketi, akauchukua tena mfupa wake.

* * *

Mwaka uliofuata mvua iliharibu bustani, bendi ikazama matope hadi magotini, na karamu ikahamishiwa nyumbani kwa Mheshimiwa Lugome. Ilikuwa nyumba mpya, ina nguzo kila upande, hata mahali pasipo na kitu cha kushikiliwa. Mvua ilipokatika mahema yalifungwa mbele ya nyumba, wageni wakaketi, na wapishi wakapelekwa jikoni.

Sufuria la kwanza la pilau lilimaliza maji ya madumu, na bomba la jikoni lilikuwa kavu. Mtaa mzima, kwa kweli, ulikuwa mkavu.

"Maji yote yameelekezwa uani," mtumishi wa nyumba akawaambia. "Mheshimiwa ana pambo lake la maji. Osheeni mchele hukohuko, yapo ya kumwaga."

Bi. Sikudhani akachukua beseni la mchele wa sufuria la pili, akashika bega la Kuruthumu, wakazunguka nyuma. Alisikia maji kabla hajafika, sauti ya mtu anayesukutua mdomo, anatema, anasukutua tena, hachoki. Alisikia na mabata. Akapiga magoti ukingoni, akatega beseni, maji yakampiga kwenye kifundo cha mkono. Yalikuwa yanakuja yamegawanyika, katikati pana nafasi. Sijui ni kitu gani kilichomfanya ayafuate. Aliyafuata kwa vidole mpaka yanakotoka, akakuta midomo. Akakuta meno, na mwanya, na maji yanapita kando zote mbili za mwanya.

Mkono ukapanda. Shavu lilikuwa linateleza kwa utelezi wa kijani. Juu ya paji la uso bata alikuwa amenya, pakawa na ganda. Kwenye pembe ya jicho mtu alikuwa amezimia sigara, na kipande chake kilikuwa bado kimekwama. Bi. Sikudhani akakitoa kwa kucha, akakiweka chini. Kisha akapeleka mkono upande wa kushoto, akalitafuta sikio, akaipata ndewe. Kidole cha shahada kikaingia kwenye alama yake mwenyewe, kikakaa.

"Kuruthumu," akasema. "Ni yeye."

Kuruthumu alikuwa ameshaona. Akageuka, akatapika kwenye bwawa la mabata. Si niliwaambia mwenye tumbo jepesi akae karibu na mlango?

Kichwa tu ndicho kilichokuwepo, kimevishwa juu ya bomba. Mwili na tenga, nahisi, viliuzwa kwa kilo, ndizo zile nguzo. Na kutoka mbele ya nyumba, kwa kipaza sauti kipya, sauti ya Mheshimiwa ilikuwa inatiririka bila kikwazo: "Wapo waliosahau! Mimi sijasahau! Mimi kila niamkapo asubuhi, kitu cha kwanza kukiona ni uso wa marehemu!" Siwezi kumlaumu kwa uongo. Dirisha la chumba chake cha kulala lilitazama uani.

Bi. Sikudhani hakulia. Watu wengi wamemuuliza baadaye mbona hakulia, akawajibu kwamba alikuwa na hasira mno, machozi yalikosa pa kupita. Wali ule aliokuwa aupike, kwa maji yale, kutoka kinywani mwa mwanawe, ukaliwe na wale! Akaumwagia mabata mchele wote.

"Inuka shoga," Kuruthumu akasema, anajifuta mdomo kwenye aproni, kwenye picha. "Twende mbele nikamchanechane mbele ya mabalozi wake. Nimwambie ana nini uani."

"Ukimwambia watapiga makofi," Bi. Sikudhani akajibu. "Kisha watamfunika kitambaa. Sitaki afunikwe tena. Waite wakina mama, na mje na sufuria kubwa."

"Unataka kufanya nini?"

"Fundi alisema kinazungushwa kushoto."

* * *

Wakina mama wakaja, wakaona, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wawili wakashika mashavu, wawili wakashika kisogo. Shaba ililia kidogo, kisha ikakubali. Kilipotoka, maji yaliyokuwa yamebanwa na ile midomo yalipata uhuru. Yakaruka juu kuliko paa, yakaangukia mahema ya wageni. Mbele ya nyumba watu wakafungua miavuli.

"Mnaona!" Mheshimiwa alisikika akipaza sauti. "Hata mbingu zinalia nasi! Ni mvua ya baraka!" Makofi yakavuma, ya watu waliolowa.

Pilau ya sufuria la kwanza ilikuwa imeshapakuliwa. Bi. Sikudhani akavua kanga yake ya juu, akakikausha kichwa, akakizungushia, wakakilaza ndani ya sufuria tupu. Juu yake Kuruthumu akapanga vipande vya ukoko, vizuri kabisa, akafunika na kifuniko. Wanawake wanne wakalibeba, Bi. Sikudhani akatangulia mbele mkono wake ukiwa kwenye mshikio, na hapo kila mmoja wao alikuwa anauma meno kwa uzito.

Askari wa getini alikuwa kijana mwenye bunduki na njaa. Akawasimamisha.

"Mnaondoka mapema leo, wakina mama. Mmebeba nini?"

Bi. Sikudhani alihisi sufuria linashuka, mikono ya wenzake inaisha. Ndipo Kuruthumu akafunua kifuniko kwa madaha, akamtolea kipande kikubwa cha ukoko, kile cha katikati chenye mafuta.

"Tumebeba haki yetu, baba. Na hii ni yako."

Kijana akautia mdomoni, akatafuna, akafumba macho kwa utamu. "Mbona zito hivyo?"

"Umeungua sana mwaka huu," Bi. Sikudhani akamwambia.

Akafungua geti lote, mabawa yote mawili, lile la magari ya waheshimiwa, na kwa kuwa alikuwa kijana wa adabu akawapigia saluti. Chausiku akatoka nyumba ya Waziri wa Kumbukumbu kwa heshima zote za kijeshi, na huyo ndiye marehemu pekee wa soko lile aliyewahi kuzipata.

* * *

Mheshimiwa Lugome aligundua jioni, mabata yalipokuwa yanaogelea barazani. Akafura, akaapa, akaagiza polisi. Polisi wakamuuliza, kwa heshima, kimeibwa nini. Mheshimiwa akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, akasema ni kifaa cha bustani. Kinafananaje, Mheshimiwa? Akasema hakifanani na kitu. Polisi wakakitafuta kwa bidii kitu kisichofanana na kitu, wakamkamata muuza ndoo, wakamwachia.

Sasa, kama vile shetani anacheka, mwezi uliofuata Baba wa Utulivu akapata nafasi. Bomba lilikuwa limefunguka. Akasema anakuja kuzindua sanamu, na safari hii alikuja kweli. Bi. Sikudhani alitumiwa gari la wizara aende kupika.

"Mwambieni Mheshimiwa siwezi," akamjibu dereva mlangoni. "Nina mgeni nyumbani."

Kuruthumu ndiye aliyekwenda, na ndiye aliyemletea habari, huku anacheka na kusonya kwa pamoja. Mtukufu alivuta kitambaa. Kikaanguka, chini yake kikaonekana kingine. Akakivuta na hicho. Kingine. Vitambaa vikawa vinaanguka, kila kimoja kimeoza kuliko cha juu yake, popo wakatoka na kuingia kwenye tarumbeta, uvundo ukawafika mabalozi wakakohoa. Cha mwisho kilipodondoka pakabaki mbao zilizopigiliwa misumari, madumu mawili ya rangi, na viatu vya fundi mmoja aliyevisahau.

Mheshimiwa Lugome akasogea kwenye kipaza sauti bila hata kukohoa.

"Mtukufu Baba," akasema. "Ndugu mabalozi. Msanii wetu amekusudia kutuonyesha kwamba marehemu hawapo."

Halafu balozi mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wote, wakasimama. Baba wa Utulivu alitikisika sana, akaokota ncha ya kitambaa akajifuta chozi, na kinyesi cha popo kikabaki kwenye shavu lake, na hakuna mtu katika nchi ile aliyethubutu kumwambia. Alikaa nacho karamu nzima. Kimo kwenye stempu.

Mheshimiwa Lugome, kwa ubunifu huo, sasa ni Makamu wa Mtukufu. Ptu! Jamani, nilisema nitajitahidi.

Mkipita nchi ile mtapelekwa bustanini, mtaonyeshwa mbao na madumu, na viatu vile ambavyo sasa vina mlinzi wao. Pigeni makofi, msije mkajitia matatani. Lakini kama mnataka kumwona Chausiku, ulizieni nyumba ya Bi. Sikudhani, nyuma ya lile kaburi la soko ambalo bado ni kifusi. Yuko juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu na dirisha. Wafiwa wengine huja kukaa naye, na Kamwaga wa bustani naye alikuja siku moja bila sare, akasimama kwa mbali kwa mazoea, akaambiwa sogea baba, hapa hakuna kamba. Viatu vinaachwa mlangoni. Hotuba hairuhusiwi.

Mama mwenyewe hamwoni tena. Macho yalikwisha kabisa. Lakini anasema pale katikati, palipokuwa hapaji, sasa panakuja, vidole vinapaleta. Kila asubuhi, kabla ya chai, huchovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, akamwendea kwa kupapasa. Humpangusa mdomo kwanza, ndipo humsalimu.